Mtungi wa Kwanza wa Asubuhi

Mdogo wangu aliingia jikoni kwa mlango wa nyuma, ambao nilikuwa nimeuacha wazi kwa sababu ya moshi. Asubuhi ile moshi wa jiko langu ulikataa kutoka, ukawa unarudi ndani na kunichoma macho. Nilikuwa nakanda unga wa mkate, wageni bado wamelala. Akaniomba maji ya moto na taulo. Sikuhitaji kuuliza ya nini. Alipotamka tu neno "dada" nilijua pua imeziba.

"Una mafua," nikamwambia.

"Kidogo."

"Kidogo gani? Unaongea kama mtu aliyebanwa pua na kibanio cha nguo. Leo huzami."

Alikaa kwenye kile kiti kifupi ninachokalia nikimenya viazi, akanyoosha miguu. Watu wote walimwita Mapezi, kwa sababu alitembea akitupa nyayo nje kama mtu aliyesahau kuvua mapezi ya kuogelea. Hata mimi niliyembeba mgongoni nilimwita hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni chini ya maji, na kwa kazi ile mafua si kitu cha kuchezea, maana masikio yakiziba yanaweza kupasuka. Sikio moja lilikwisha kumpasuka zamani, na mkewe alimwuguza huku akiapa kwamba hatamruhusu tena kuzama na kamasi.

Nilitia majani ya mkaratusi kwenye sufuria, nikamfunika taulo kichwani, akajifukiza. Sauti yake ikanijia kutoka humo ndani.

"Dada, usimwambie mke wangu."

"Kwa nini?"

"Akijua hatanipa mtungi."

Nikacheka. Nilidhani anamwogopa mkewe kama wanaume wote wanavyowaogopa wake zao huku wakijitia majabali.

Akanieleza kwamba wale wazee wawili wamekuja, bwana na bibi wanaokuja kila mwaka na kumwulizia yeye kwa jina lake la utani. Bwana anasema magoti yamechoka, mwaka huu ndio wa mwisho. "Ni mbizi moja tu, tena ya kina kifupi. Nikirudi nalala mpaka jioni. Naahidi."

Nilimgombeza, akanikubalia kila neno kama kawaida yake, yaani bila kusikia. Basi nikamfungua vifungo vya shati, nikampaka kifuani ile dawa ya mafua inayochoma, nikamsugua vizuri, kama nilivyomsugua alipokuwa mtoto wa kulia lia. Akafunga vifungo, akanyofoa kipande cha mkate wa moto, akatoka akikirusha kutoka mkono huu hadi huu. Sikumwona tena akiwa hai.

Visiwa vyetu vimefuatana baharini, vidogo vidogo, na hoteli yetu iko kwenye kile cha mwisho. Hapa mtu hafiki kwa kupotea njia. Wapo wageni wanaokuja kuvua na wapo wanaokuja kupiga mbizi, na mimi huwatambua mezani kabla hawajafungua mizigo. Wavuvi wa likizo hupiga kelele, na kila samaki aliyewaponyoka alikuwa mkubwa kuliko mlango. Wapiga mbizi husimulia kwa mikono, kimya kimya, kama mabubu walioshiba. Wote hula mkate wangu na kuusifu, kwa hiyo sina ubaya nao.

Hewa ya kuzamia nayo haiokotwi njiani. Inashindiliwa mitungini kwa mashine iliyo kwenye kibanda karibu na gati, na mwenye mashine hiyo ni wifi yangu, mke wa Mapezi. Tunamwita Mama Mitungi. Mashine yenyewe kuukuu. Ukiiwasha asubuhi inakohoa kwanza, inatetemeka mpaka mabati yanalia, ndipo inatulia na kufanya kazi. Kwa ajili ya kikohozi hicho mdogo wangu aliweka sheria. Mitungi ya wageni ijazwe jioni, mashine ikiwa imeshapata moto. Asubuhi ujazwe mmoja tu, na huo ni wa kiongozi. Kama mashine imeamka vibaya, alisema, ubaya huo aupate mwenyeji, mgeni asiuonje. Aliionea fahari sana sheria yake. Aliwasimulia wageni, nao wakampenda zaidi.

Mtungi ukijaa, mwenye kujaza huufungua kidogo, hewa ikatoka kwa mluzi, akainama na kunusa. Hewa njema haina harufu. Ikinuka mafuta au moshi inamwagwa yote. Ikiwa safi, mtungi unabandikwa utepe mweupe mdomoni, na mtungi usio na utepe hakuna anayeugusa. Kwa hiyo kazi ya wifi yangu, ukiitazama vizuri, haikuwa ile mashine. Ilikuwa pua yake.

Walimrudisha Mapezi supu ya mchana ikiwa bado jikoni. Yule bwana mzee mgeni ndiye aliyempandisha juu, na magoti yake hayo mabovu. Alisema Mapezi alianza kuogelea kama mlevi, akajigonga bega kwenye mwamba, kisha akawa kama mtu anayesinzia kanisani, kichwa kikaanguka kifuani na kile kidude cha kupumulia kikamtoka mdomoni. Nahodha wa boti alimkandamiza kifua njia nzima mpaka gatini. Mimi nilifika nikikimbia, aproni kiunoni, mwiko mkononi. Wifi yangu alikuwa amekaa kwenye mbao za gati, ameushika mguu wa mumewe, anamwambia amka, watu wanakutazama.

Daktari alikuja kwa boti kutoka kisiwa kikubwa. Akamkagua, akauliza maswali, akasema ni moyo. Simlaumu. Umri ule, kazi ile, maji yale, mtu yeyote angetaja moyo. Aliuliza pia juu ya hewa, akaonyeshwa utepe mweupe mdomoni mwa mtungi. Wageni wengine walikuwa wazima, wanalia tu. Basi ikawa moyo.

Nilipomuaga, kabla hawajamfunika, niliona midomo yake ina rangi. Haikupauka. Ilikuwa na wekundu kidogo, na kucha hivyo hivyo, kama mtu aliyetoka kucheka. Nikajiambia kwamba hakuteseka. Nilishikilia hilo, likawa ndilo ninalolala nalo.

Baada ya maziko upande wa kupiga mbizi ulisimama. Upande wa kuvua haukusimama, kwa sababu samaki hawana habari na misiba yetu, na wageni walikuwa wamekwisha lipia boti. Mashine ya barafu iliendelea kunguruma gatini. Meneja alikuwa ameileta mwanzoni mwa msimu kwa ajili ya samaki wa wageni, na jenereta ndogo ya kuiendesha ikawekwa nyuma ya kibanda cha hewa, maana pale palikuwa na sakafu ya saruji. Fundi alisema hakuna shida, upepo wa pale unaelekea baharini siku zote. Na kweli, karibu siku zote unaelekea baharini.

Kisha Meneja akatangaza kwamba kundi jipya la wapiga mbizi linakuja, ameazima kiongozi kutoka hoteli ya kisiwa cha jirani, mashine ya hewa iwashwe. Siku hiyo wifi yangu alikuja jikoni. Alikuwa amekonda mpaka kanga inamzunguka mara nyingi. Nilimpa kiti kile kifupi, nikaendelea kukata vitunguu ili asione ninavyomtazama.

"Wifi, mimi siwezi kuiwasha ile mashine."

"Utaiwasha tu. Ukikaa mle ndani unatazama ukuta utaumwa."

"Siyo huzuni. Huzuni ninayo, lakini siyo hiyo." Akageuka kutazama mlango, kisha akashusha sauti. "Mimi sinusi."

"Hunusi nini?"

"Chochote. Tangu ile homa ya mwaka juzi. Pua ilikufa, haikurudi. Hata hivyo vitunguu unavyokata, naona tu unatoa machozi."

Kisu kikasimama. Palepale nikakumbuka mambo mengi. Maziwa yaliyochacha aliyomkaribishia Meneja. Maharage yaliyoungua mpaka jirani anakohoa, naye anayakoroga kwa furaha. Mimi mwenyewe nilimtania mbele za watu, nikamwita mpishi wa jela, wakavunjika mbavu. Mdogo wangu alikuwa akila vyakula vile bila neno, akifuta sahani kwa mkate, nami nikamwona bwege aliyerogwa na mkewe.

"Na mitungi?" nikauliza. "Ulikuwa unafanyaje na mitungi?"

"Alikuwa ananinusia yeye. Jioni akirudi, na asubuhi kabla hajaondoka. Ananusa, ananiambia safi, mimi nabandika utepe. Alisema tusimwambie mtu, wakijua nitamwaga unga, na mtoto yuko shule." Akajifuta pua kwa pindo la kanga, ile pua isiyomfaa kitu. "Sasa nani atanusa?"

Nilikuwa nimeanza kuona, lakini sikutaka kuona.

"Nikwambie kinachoniweka hai, wifi?" akaendelea. "Kuna siku naamka nawaza, labda ni hewa yangu iliyomuua. Halafu nakumbuka asubuhi ile. Nilimjazia mtungi, akaja, akainama, akanusa, akaniambia neno moja tu, safi. Nilimwona kwa macho yangu haya. Kama hewa ingekuwa na kitu angejua, ana pua kama ya paka. Basi ni moyo, kama daktari alivyosema. Ni mipango ya Mungu. Bila hilo, wallahi, ningejitupa palepale gatini."

Mtu anaweza kusimama jikoni kwake mwenyewe, na masufuria yake, na aproni yake, akajihisi hana pa kukanyaga. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Nilimwona mdogo wangu chini ya lile taulo, anavuta mvuke, anasema akijua hatanipa mtungi. Nilidhani ni utani wa mtu na mkewe, kumbe alikuwa akiniambia habari nzima. Pua aliyomnusia mkewe nayo ilikuwa imeziba kabisa. Asingenusa hata ghala la samaki waliooza.

Kwanza hasira ikamwendea yeye aliyekaa kwenye kiti changu. Mwanamke ameficha pua yake miaka miwili, akakaa kwenye kazi ya pua, na aliyekufa ni mtoto wa mama yangu. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Kisha nikaitazama mikono yake, jinsi alivyokuwa akivingirisha kipande cha utepe mweupe kidoleni bila kujua, na hasira ikanihama, ikamwendea marehemu. Yeye ndiye aliyejua yote mawili. Alijua mkewe hanusi, na alijua kwamba siku ile naye hanusi. Akainama juu ya mtungi akaigiza, ili tu asikatazwe kazi siku moja. Sheria yake mwenyewe ikamkuta, mtungi wa kwanza ni wa kiongozi. Ningempata hai ningemchapa makofi, halafu ningemkumbatia mpaka mbavu zilie.

"Kunywa chai," nikamwambia wifi yangu. Ndicho kilichonitoka. "Na kesho washa mashine. Nitakuja kukunusia mimi."

Alilia, akanishika mikono yenye vitunguu akaibusu. Niliona aibu, lakini sikuivuta mikono.

Usiniulize kwa nini sikusema palepale. Nilikuwa bado najidanganya kidogo. Mtu ana mafua, hewa ikawa safi vilevile, moyo ukasimama kweli. Inawezekana. Nilijiambia inawezekana mpaka kulipopambazuka, nilipowasha jiko na moshi ukakataa kutoka. Ulirudi ndani, ukanichoma macho, nami nikaenda kuufungua mlango wa nyuma. Nikiwa nimeushika mlango ule nikakumbuka mara ya mwisho nilipoufungua kwa sababu hiyo, na aliyeingia.

Niliacha unga kwenye beseni nikashuka gatini. Upepo ulikuwa unatoka baharini, unanipiga usoni. Nyuma ya kibanda jenereta ya barafu ilikuwa inanguruma, na moshi wake, badala ya kwenda majini, ulikuwa unapanda ukutani taratibu mpaka pale juu ya bati, kwenye mdomo wa bomba ambalo mashine ya hewa huvutia pumzi. Ulikuwa unaingia wote. Wifi yangu alisimama ndani akiwa ameshaujaza mtungi wa kwanza, anaufuta kwa kitambaa, amejitahidi hata kuchana nywele.

Akaufungua kidogo, ukapiga mluzi. Nikainama.

Ilikuwa kama kuinama nyuma ya lori.

Fundi aliwahi kutusimulia jikoni juu ya vibarua waliolala na jenereta chumbani kwa sababu ya mvua. Walikutwa asubuhi wamekufa, alisema, lakini wana rangi usoni, ungedhani wazima. Nilipokuwa nimeinama pale niliiona midomo ya mdogo wangu. Lile jambo dogo nililokuwa nalala nalo likaniponyoka pia.

"Safi?" akauliza wifi yangu.

Alikuwa ameushika utepe tayari. Macho yake yalikuwa kwangu, yamenitegemea kama yalivyokuwa yakimtegemea yule mwingine. Niliinuka polepole ili nipate muda wa kutengeneza uso.

"Ina harufu ya mpira," nikasema. "Na ukungu. Mashine imelala sana. Mwaga wote, ujaze mwingine."

"Ya mpira tu?"

"Ya mpira tu."

Akaumwaga. Hewa ile ilitoka kwa kelele, ikajaa kibandani, na yeye akasimama katikati yake bila kujua, anaipumua na kutikisa kichwa kwa kujilaumu kwamba hakuisafisha mashine. Nilimtoa nje nikisema nataka kumwonyesha kitu kwenye boti. Nikazunguka nyuma, nikaizima ile jenereta kwa mkono wangu, nikasubiri moshi utawanyike. Mtungi wa pili ulikuwa safi. Nilinusa mara nyingi, mpaka akaniuliza kama nami nimeugua.

Kisha nikapanda kwa Meneja na kipande cha mkate kwenye sahani. Nilikuwa nimekipitisha juu ya tambara la fundi lililolowa dizeli. Nikamwambia aonje. Akaonja, akakunja uso.

"Kinanuka dizeli hiki."

"Ni ile jenereta ya gatini. Upepo ukigeuka moshi wote unaingia jikoni kwangu. Wageni wakianza kulalamika, mimi simo."

Jenereta ilihamishwa siku hiyohiyo, ikapelekwa upande wa pili wa bohari, na bomba la hewa nikamwomba fundi alirefushe, nikimhonga kwa maandazi. Hakuna aliyeuliza zaidi. Kwa ajili ya mkate walikwenda mbio. Meneja ni mtu mwema, angekwenda mbio pia kwa ajili ya mdogo wangu kama angejua, lakini kumwambia kungemfikisha kwenye swali moja tu, nani alinusa. Jibu la swali hilo lilikuwa limekaa kibandani, limeshika utepe mweupe.

Tangu hapo nimekuwa na kazi mbili. Alfajiri, kabla sijagusa unga, nashuka kwenye kibanda. Jioni, kabla ya kupakua, nashuka tena. Nainama, nanusa, nasema safi, yeye anabandika. Nikipiga chafya tu namwambia, na siku hiyo namwita nahodha, tunamzuga kwamba tunabishana nani ana pua kali. Watu wanasema wifi wale wawili wamependana baada ya msiba, zamani walikuwa chui na paka. Wanasema kweli. Nimempenda, na kuna asubuhi nyingine nikiiona mikono yake nageuka nikatazama bahari mpaka moyo utulie.

Wale wazee wawili walirudi mwaka uliofuata. Hawakuzama. Walikaa tu kwenye viti vya gatini, wakatupa maua majini, wakaja jikoni kunishika mkono. Bwana alikuwa bado anajiuliza ingekuwaje kama angewahi kidogo. Nilimwambia hapana, hakukuwa na la kufanya. Siku hizi uongo unanitoka laini.

Walipoondoka, wifi yangu aliniita nyumbani kwake. Ni chumba kimoja nyuma ya stoo ya makasia, kitanda kimetandikwa upande mmoja tu. Alifungua sanduku la nguo akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa mdomo kwa fundo, na juu ya fundo pamezungushwa utepe mweupe. Nililitambua shati kabla hajautoa mfuko wote. Ni lile ambalo mdogo wangu alilivua kwenye boti asubuhi ile, kabla ya kuvaa nguo ya kuzamia. Nahodha ndiye aliyelirudisha, likiwa limekunjwa.

"Sijalifua," akasema. "Nililifunga siku ileile, sijalifungua tena. Watu wanasema shati la marehemu linabaki na yeye ndani. Mimi hata nikilifunika usoni siwezi kumpata. Nimeogopa kukuomba mwaka mzima." Akautia mfuko mikononi mwangu. "Nusa wewe, wifi. Uniambie ana harufu gani."

Nilitaka kusema hapana. Lakini ningekataa kwa sababu gani, mimi ninayemnusia kila siku? Nikauondoa utepe, nikalifungua fundo, nikaingiza uso.

Hakuwemo. Mwaka mzima ndani ya nailoni, jasho lake lilikuwa limekwisha, chumvi imekwisha, mdogo wangu amekwisha. Kilichobaki ni dawa ya mafua. Ilinipanda puani kali vilevile, kama nimetoka kumpaka sasa hivi, na mkaratusi nyuma yake, na mvuke, na sufuria yangu. Shati zima lilikuwa linasema alikuwa mgonjwa, alikuwa hasikii harufu, aliinama bure. Mtu yeyote mwenye pua angelisoma. Machozi yalinitoka, na nilishukuru kwamba hapo machozi hayahitaji maelezo.

"Yumo?" akauliza.

"Yumo."

"Ananukaje?"

"Jasho," nikasema. "Na chumvi. Na mkate kidogo, alinyofoa mkate wangu asubuhi ile. Na ile sabuni yako ya kufulia."

Akafumba macho. Alikuwa anatikisa kichwa kwa kila kitu nilichotaja, kama mtu anayehesabiwa watoto wake wakati wa kulala na kukuta wote wapo.

"Hakuna kingine?"

"Hakuna kingine. Safi."

Alilichukua shati mikononi mwangu upesi, akalirudisha ndani ya mfuko, akaufunga mdomo kwa mafundo mawili, akazungusha utepe mpya juu yake, ili harufu isitoke.